Idrisa wa Nje ya Kamba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilizoishi katika mji huu wa Stockholm, mwanangu, ni ile ambayo mtu mmoja mkubwa wa mwili alikiweka kipaza sauti chake juu ya majani, akasogea nyuma kidogo, akafunga mikono kifuani na kunyamaza. Ilikuwa mchana wa Jumamosi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na jua lilikuwa lile la huku lisilochoma. Wengi waliokuwa uwanjani hawakuona kitu. Mimi niliona, na mpaka leo bado naona.

Mtu huyo amefariki. Mke wake alinipigia simu juzi asubuhi, nikiwa jikoni kwangu hapa Skärholmen nangoja maji yachemke, akaniambia kwa Kiswidi chake cha polepole kwamba mzee alilala na hakuamka. Sikulia kwenye simu. Nilizima jiko, nikakaa. Watu wa umri wangu hatuna kelele nyingi za msiba. Tunakaa tu mpaka maji yapoe. Sasa nakuandikia wewe, kwa sababu mimi si mtu wa kusema mbele za watu, na shule yangu ni ndogo. Lakini nilichokiona naweza kukisema. Kazi hiyo alinifundisha yeye.

Jina lake lilikuwa Idris. Sisi tulimwita Idrisa, na hapo ndipo pa kuanzia, maana tulianza naye kwa kosa.

Nilikuwa nimetoka Nakuru kuja kujifunza ufundi wa injini za dizeli katika kiwanda kimoja upande wa kusini wa mji. Mwenzangu wa chumba alikuwa Salum, kijana wa Tanga, mcheshi, ambaye hakukosa sala wala hakukosa neno. Siku zetu za mwanzo mwanzo, Salum alirudi kutoka stoo ya vipuri uso umemng'aa.

"Ng'ang'a, ndugu yangu, tumepata mtu! Mwenye stoo anaitwa Idrisa. Mzungu, lakini Mwislamu!"

"Umemwuliza?"

"Mtu anaitwa Idrisa nimwulize nini? Wewe ukikutana na Petro unamwuliza kama amebatizwa?"

Basi ilipofika Idi, Salum akamwalika. Alipika pilau kwenye jiko la hosteli mpaka Waswidi wa ghorofa ya juu wakateremka kuuliza kuna nini. Idris akaja amevaa tai, akaketi nasi chini kwa taabu kwa sababu ya goti lake moja bovu, akala kwa mkono, akaongezwa, akaongezwa tena. Hakuuliza kwa nini amealikwa. Alidhani, alivyotueleza baadaye, kwamba ndivyo Waafrika wanavyomshukuru mtu wa stoo. Tulipomaliza kula Salum akainua viganja, akasema kwa heshima kubwa, "Sheikh Idrisa, tuombee dua."

Idris akatutazama mmoja mmoja. Akasimama, mtu mwenye shingo nene kama gogo, akavuta pumzi, akaimba. Aliimba wimbo wa kanisani, kwa lugha ambayo hatukuwahi kuisikia, kwa sauti iliyotikisa sufuria. Tulibaki viganja vikiwa juu, hakuna aliyethubutu kuvishusha. Alipomaliza Salum alisema "Amin" taratibu, kisha akanigeukia.

"Kaka, hii ni dua ya madhehebu gani?"

Alikuwa Mwelisi, mwanangu. Welisi ni nchi ndogo iliyoshikana na Uingereza upande wa magharibi, nchi ya migodi ya makaa na ya kuimba makanisani, na wenyewe wana lugha yao ambayo si Kiingereza. Huko Idris ni jina la tangu zamani, kama lilivyo kwa watu wa Pwani, na moja halikutoka kwa jingine. Salum alipoelewa alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini hakuacha kumwita Idrisa, na kila Idi sahani yake ya pilau ilikuwepo.

Lugha ile ndiyo iliyonifunga naye. Waswidi ni watu wema, lakini jina langu liliwashinda. Hawawezi kuanza neno kwa ng'. Wakaniita Nanga. Msimamizi aliniita Nanga, mlango wa kabati langu uliandikwa Nanga, na Salum alifurahi mno. "Wamekutia majini, bwana! Nanga! Kazi yako ni kukaa chini na kushika tope." Basi siku ya kwanza nilipokwenda stoo kuchukua spana, Idris aliniuliza jina. Nikamwambia, nikajiandaa kusikia litakavyovunjika. Akasema, "Ng'ang'a." Safi kabisa, kama alivyolitamka nyanya yangu. Kumbe kwao yapo maneno yanayoanza kwa ng', na dh wanayo, na kh wanayo pia.

"Mama alininyima chakula nisipozitamka," alisema.

Wewe umezaliwa huku, na shuleni wanalijua jina lako. Huwezi kujua ni kitu gani kusikia jina lako likiwa zima katika nchi ya baridi. Nilitoka stoo nikasahau spana.

Idris alikuwa na tabia moja. Alitangaza kila kitu. Alisimama kwenye foleni ya kantini akasema chinichini kama mtu wa redio: "Salum anaikaribia meza. Anakitazama chakula. Ni viazi. Jana pia vilikuwa viazi. Salum anageuka, anatafuta njia ya kutokea. Hakuna! Amechukua viazi!" Waswidi walikula vichwa vimeinama, mabega yakitikisika. Lakini ndani ya utani ule hakutia kitu ambacho hakikutokea. Kama Salum hakugeuka, hakusema amegeuka. Nilimwuliza kwa nini asitie chumvi kidogo watu wacheke zaidi.

"Ukitia leo," alisema, "kesho wakitazama wenyewe hawatakuamini. Sema unachokiona, halafu nyamaza, nao waone."

Hakuzaliwa mtu wa stoo. Katika ujana wake, miaka ya hamsini, alikuwa mchezaji wa raga, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, wa kukimbia nao mikononi na kuangushana. Alichezea klabu ya kijiji chake, na watu walitembea mbali kwa miguu kuja kumwona. Wakati huo kwao raga ilikuwa ya namna mbili: moja ya watu wasiolipwa, na nyingine ya mshahara, iliyochezwa kaskazini mwa Uingereza. Aliyetoka kwenye ile ya kwanza akaenda kwenye ya mshahara hakurudi. Hakuruhusiwa tena kucheza na wenzake, wala kufundisha, wala kuingia ndani ya nyumba ya klabu akanywa nao bia. Idris alijua hayo yote, na alikwenda. Alitaka mama yake awe na nyumba yenye choo ndani, na akampa. Kabla msimu haujaisha goti likavunjika. Alirudi kijijini akakuta mlango wa klabu, ambao aliupaka rangi kwa mikono yake mwenyewe, haumruhusu.

"Hawakunitukana," alituambia. "Barabarani walinisalimu vizuri, na mama walimsalimu. Ni mlangoni tu."

Alipomwoa Mswidi akamfuata huku, asiwe anauona mlango ule kila siku.

Hapa Stockholm palikuwa na kitimu kidogo cha raga cha wachezaji wa kuokoteza: Waswidi wachache, Waingereza wa maofisini, na sisi wawili, mimi na Salum, ambao Idris alituingiza kwa sababu kila Jumamosi mtu alikosekana. Yeye mwenyewe hakuweza hata kutufundisha, maana timu ile ilifuata sheria zilezile za wasiolipwa. Uwanja wetu ulizungushiwa kamba, na ndani ya kamba alikatazwa. Basi alisimama nje. Na kwa kuwa watazamaji wetu walikuwa wake za wachezaji na wazee wenye mbwa, watu wasiojua raga hata kidogo, alinunua kipaza sauti cha mkono, kile chenye umbo la tarumbeta, akawatangazia mchezo kwa Kiswidi na Kiingereza.

"Sheria imekataza miguu yangu," alisema. "Mdomo haikuutaja."

Sasa nikwambie juu ya neno. Katika raga, ukiangushwa chini ukiwa na mpira, unatakiwa kuuachia papo hapo. Uuachie, usimame kwa miguu yako, ndipo unaruhusiwa kuugusa tena. Mimi hilo lilinishinda. Nililelewa katika nyumba ya watoto wengi. Kitu kikiingia mkononi mwangu hakitoki. Nilianguka nimeukumbatia, wanaume wazima wamenilalia mgongoni, na sikuuachia. Refa akapuliza. Nikaanguka tena, nikaukumbatia tena, akapuliza tena. Tulifungwa kwa makosa yangu.

Mechi iliyofuata, nikiwa chini na uso umezama kwenye majani, nikasikia kutoka nje ya kamba, kwa Kiswahili, sauti ile ya kutikisa sufuria: "Achia, Ng'ang'a! Achia!" Alikuwa ameliomba neno kwa Salum. Nilishtuka hata mikono ikafunguka yenyewe.

Baada ya mchezo aliniketisha kwenye ngazi za nje za chumba cha klabu, maana ndani hakuingia. Ndiyo mara pekee aliyonikemea maishani.

"Unacheza kama mtu anayezama," alisema. "Salum ananiambia jina lako linafanana na neno la Kiswahili. Kung'ang'ania."

"Jina ni la Kikuyu, Mzee. Halina maana hiyo."

"Basi usilipe maana hiyo." Hakucheka. "Nisikilize. Mchezaji akianguka huogopa kwamba akiachia, amepoteza. Lakini aliye chini hana mpira, Ng'ang'a, hata kama ameukumbatia. Amelalia kitu, basi. Mpira ni wa aliyesimama. Achia, upate mikono ya kujiinulia."

Nilikuwa kijana, nikadhani anazungumza habari za mpira.

Theluji ilipoyeyuka, nahodha wetu, Mswidi mrefu mpole aitwaye Bertil, alikuja stoo na habari. Timu moja kutoka Welisi ilikuwa safarini nchi za huku, na ingecheza nasi. Alipotaja kijiji chao, Idris alikuwa anafuta kaunta. Kitambaa kikasimama.

Kilikuwa kijiji chake. Ilikuwa klabu ile yenye mlango.

Tangu siku hiyo hakutangaza tena foleni ya kantini. Alikuwa anafikiri. Salum alimtania kwamba amekosa sauti kama bwana harusi, naye akaendelea kufuta kaunta. Siku moja tu, tukiwa watatu, alisema bila kuulizwa, "Sitaki kuingia ndani kwao. Wala sitaki wanisamehe, sikuiba kitu. Nataka wanisikie tu. Wasikie kwamba mchezo bado nauona."

Hilo tu, mwanangu. Mtu mzima, mwenye mke na kazi, na kitu pekee alichokitaka duniani kilikuwa kusikika na watu wa kwao kwa muda wa mechi moja.

Jumamosi yenyewe ilipofika mimi sikucheza. Bega langu lilikuwa limeteguka mazoezini, mkono umefungwa kitambaa shingoni, basi nilisimama naye nje ya kamba. Alikuwa amenyoa vizuri na kuvaa ile tai ya Idi. Wageni wakaingia, watu wanene, wenye masikio yaliyokunjamana kama uyoga. Nyuma yao alikuja meneja wao, mzee mwembamba mwenye koti la klabu lenye vifungo vya shaba. Mzee akakiona kipaza sauti. Kisha akamwona aliyekishika, na uso wake ukasimama, nikajua wanafahamiana.

Hakuzungumza na Idris. Alizungumza na Bertil, na Idris yupo hapohapo anasikia.

"Mtu huyu alicheza kwa mshahara."

"Yuko nje ya kamba," akasema Bertil.

"Sauti yake iko ndani." Mzee alisema bila hasira. "Akitangaza yeye, timu yangu haichezi. Nina vijana hapa, bwana. Habari ikifika nyumbani kwamba tulicheza chini ya sauti yake, wanaweza kufungiwa kama alivyofungiwa yeye."

Bertil akawa mwekundu. Watu walikuwa wamekuja wengi kuliko kawaida. Hata vijana wa hosteli, Watanzania na Wakenya, walikuja kumwona Salum akikanyagwa. Salum akafika akikimbia, jezi imemzidi.

"Mzee anaogopa bati lile? Basi mwambieni! Idrisa akinyamaza, na mimi mnihesabu nimenyamaza. Sichezi!"

Wengine wakapiga makofi. Nusu ya timu yetu ikaanza kutoka uwanjani. Mchezo ulikuwa umekufa kabla ya kuanza, na Idris alikuwa ameshinda, ukiuita huo ushindi.

Ndipo aliposema, "Hapana. Watu wamekuja kuona mchezo. Salum, rudi ndani."

Akainama kwa shida ya lile goti, akakiweka kipaza sauti juu ya majani polepole, kama mtu anayeweka yai. Nilikuwa karibu naye kuliko wote. Nikamsikia akisema, kwa Kiswahili, bila kumsemesha mtu yeyote: "Achia."

Mchezo ukaanza kimyakimya. Wake za wachezaji walitazamana. Mzee mmoja mwenye mbwa aliniuliza kwa nini wanagombana pale chini. Idris alikuwa amefunga mikono kifuani, macho uwanjani, na midomo yake inacheza. Alikuwa anatangaza, mwanangu. Anatangaza bila sauti, asikosee hata pasi moja.

Nilitazama midomo ile. Kisha nikatazama kipaza sauti, kimelala kwenye majani, si cha mtu tena. Na mimi nilikuwa nimesimama.

Nikakiokota kwa mkono mzima.

Nilikuwa mtu wa haya tangu utotoni. Kiswidi changu kilikuwa cha kiwandani, cha kuomba nyundo na kuuliza saa. Kiingereza nacho kilinikimbia palepale. Ikabaki lugha moja.

"Mabibi na mabwana!" nilisema, na sauti yangu ikanirudia kutoka kwenye miti ng'ambo ya uwanja. "Mpira uko kwa wageni! Wanaupeleka kushoto. Kushoto tena. Bwana mnene ameushika, anakuja kama lori la mkaa lililokatika breki! Salum yuko mbele yake. Salum, usifumbe macho! Amefumba! Wameanguka! Salum yuko chini, mabibi na mabwana, bwana mnene yuko juu, na mpira bado kaukumbatia. Achia, bwana mkubwa! Achia!"

Refa akapuliza. Bwana mnene alikuwa hakuachia.

Vijana wa hosteli walianguka kwa kicheko. Waliowazunguka nao wakacheka kwa sababu wao wanacheka, na yule mwenye mbwa akacheka. Nikaendelea. Nilisema nilichokiona, sikuongeza. Wageni walipofunga nilisema wamefunga, na kwamba wamefunga kwa uzuri. Sikujua majina yao, nikawaita kwa masikio na kwa mwendo. Na kila mchezo uliposimama nilisema hivi: "Mnayemsikia ni mimi, lakini macho haya ni ya Idrisa. Idrisa yuko hapa, nje ya kamba. Idrisa ndiye aliyetufundisha kuona."

Wageni hawakuelewa hata neno, ila jina lile moja. Kila nilipolitaja nilimwona yule bwana mnene, ambaye ndiye nahodha wao, akigeuza kichwa. Meneja naye alisimama mikono nyuma. Sheria yake ilimtaja Idris. Kiswahili haikukitaja.

Tulifungwa vibaya sana, sitakuficha.

Ilikuwa desturi baada ya mechi wenyeji kuwalisha wageni, basi wote wakaingia chumba cha klabu. Idris akabaki kwenye ngazi zake, nami nikabaki naye, nimekipakata kile kipaza sauti. Nilikuwa nangoja aseme neno.

"Ulisema vizuri," akasema mwishowe. "Ulisahau kuwaambia upepo unatoka wapi."

Mlango ukafunguka nyuma yetu. Alikuwa yule nahodha wa wageni, sahani ya viazi mkono huu, bia mkono huu. Akamtazama Idris.

"Wewe ndiye Idris uliyecheza na baba yangu?"

"Baba yako nani?"

Akamtaja. Idris akasema, "Yule hakuwahi kunipa pasi hata moja."

"Anasema hivyohivyo juu yako," akajibu yule mtu, akaketi kwenye ngazi kati yetu, ngazi zikalia. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe! Hilo achia ni kitu gani? Kila ukilisema refa ananipulizia!"

Tulicheka watatu mpaka viazi vikamwagika. Akatoka mwingine kuona kinachochekesha, na sahani yake. Akatoka mwingine. Wakawa wanatoka wawili wawili, na Waswidi wetu wakawafuata na sufuria, mpaka majani yote mbele ya nyumba yakajaa watu wanaokula wamesimama. Salum akachungulia ndani, akapiga kelele, "Jamani, mzee wa vifungo amebaki na viazi peke yake!"

Alitoka wa mwisho. Alitoka amebeba sahani na kiti, akakiweka kiti kwenye majani, si mbali na Idris wala si karibu, akaketi. Alikula kidogo. Kisha akasema kwa Kiingereza, bila kumtazama, ili nasi tusikie, "Sheria inasema wewe huwezi kuingia. Haisemi mimi nisitoke."

"Naijua," akasema Idris.

"Mama yako mzima. Ile nyumba ameipaka rangi ya buluu."

Idris akaitikia kwa kichwa. Na huyo ndiye mtu aliyetangaza mpaka viazi. Mzee akaweka sahani chini, akaanza kuimba kwa sauti nyembamba, nao wote wakaingia, wale wanene wenye masikio, na Idris akaingia nao, sauti yake ikiwa juu ya zote. Tuliutambua wimbo. Salum akainua viganja. "Ile dua, Ng'ang'a! Ile dua!" Nami nikainua changu kimoja, cha mkono uliokuwa mzima. Walipomaliza, vijana wote wa hosteli walisema "Amin."

Nahodha yule alirudi kwao akasema habari ya mtu wa Stockholm anayetangaza hata akiwa kimya. Redio ya kwao ilikuwa inatafuta mtangazaji wa michezo kwa lugha yao wenyewe. Wakamwita aje ajaribu. Tulimsindikiza stesheni yeye na mkewe, mimi na Salum, na Idris alishika mkono wa sanduku lake hata vidole vikawa vyeupe.

"Nitapita mbele ya mlango ule kila siku," alisema.

"Pita ukitangaza," akasema Salum.

Treni ilikuwa inaondoka na mimi nataka kumpandishia sanduku. Nikamwambia, "Achia, Mzee." Akanitazama, akacheka, akaachia.

Nilinunua redio ya masafa mafupi kwa ajili yake. Jumamosi niliitafuta sauti ile, inakuja na kuondoka kama mtu anayepita nyuma ya ukuta. Sikuielewa lugha, nilisikiliza tu zile ng' na kh. Kisha Jumamosi moja, miaka ile ya sabini ikielekea mwisho, katikati ya mikwaruzo na makelele, nikasikia wazi kabisa: "Achia! Achia!" Kabla sijasimama simu ililia. Alikuwa Salum, aliyekuwa na watoto wake Norsborg, kitongoji cha jirani.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Tumo redioni, bwana! Tumo!"

Alitangaza hivyo mpaka alipostaafu. Wacheza raga wa nchi ile, mwanangu, mpaka leo wapo wanaolisema neno hilo mtu akikumbatia mpira, na hawajui limetoka wapi. Mimi najua. Nikiwa nakanda unga hapa jikoni peke yangu, huwa najikuta natabasamu.

Sheria ile ilifutwa, naye akiwa mzee. Klabu ikamwita. Alinipigia jioni hiyohiyo kunieleza. Walikuwa wamejipanga pande mbili za njia, naye akafika mlangoni akasimama. Akajitangaza. "Idris anaukaribia mlango," alisema kwa sauti yote. "Goti si zuri. Rangi ya mlango si nzuri pia. Anatazama kulia, anatazama kushoto. Hakuna anayemzuia. Ameingia!" Alipofika hapo kwenye simu alinyamaza, nami nikanyamaza, nikaona.

Basi mwanangu, hili ndilo nililotaka kukuachia. Utaanguka. Utafungiwa mlango ulioupaka rangi mwenyewe, utaikosa nchi, utakosa kazi, utafiwa. Ukianguka usikumbatie kilichokuangusha ukadhani bado unacho. Fungua mikono, usimame kwa miguu yako, ndipo utazame ni kitu gani kiko mbele yako cha kuokota. Idris aliachia mchezo akapata sauti, akaachia sauti akapata watu. Na ukisema, sema ulichokiona, hata kama ni kufungwa kwako mwenyewe. Nami nilikuwa nimemkumbatia marehemu tangu simu ile. Leo nimeandika haya, na mikono yangu ni myepesi kidogo.

Mungu akupe jina lako likiwa zima katika vinywa vya watu. Akupe sauti ambayo kamba haiizuii. Na siku utakayobaki nje, akupe watu watakaotoka na sahani zao waje kula nawe kwenye majani. Inua viganja, mwanangu, kama tulivyoinua sisi bila kujua ni dua gani, useme nami: Amin.